Madam Aliyekata Lili Zetu

Madam hakuwahi kubisha hodi. Alifungua geti letu dogo la bati, akapita moja kwa moja hadi kwenye maua, akainama, akapindua majani mawili matatu kutazama chini yake, ndipo akainuka na kupaza sauti, "Hamjambo humu ndani?" Mke wangu alikuwa akimwona kupitia dirisha la jikoni, ananiambia, "Mgeni wa maua yako amefika." Maua yangu mimi. Yeye hakutaka hata kuhesabiwa kwenye kesi hiyo.

Mtaa mzima ulimwita Madam, kwa sababu alifundisha shule ya msingi hapa Karatu mpaka akastaafu. Mimi mwenyewe alinifundisha darasa la tano. Hilo ndilo lilikuwa tatizo langu kubwa kwake. Nina miaka arobaini na kitu, ni dereva wa watalii, nimeshuka kreta na wageni mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, nimetoa gari kwenye matope ya Ndutu huku simba wakituangalia. Lakini nikishasema "Shikamoo Madam" naye akajibu "Marahaba", ninarudi kwenye dawati. Kila alichosema baada ya hapo kilikuwa amri.

Habari ya lili niliianza mimi. Simaanishi zile nyeupe za kanisani zinazopangwa kwenye shada. Hizi ni zile zenye majani marefu membamba yanayojikunja kama ya mahindi machanga. Katikati linatoka shina lenye vitumba, kila siku kinafunguka kimoja au viwili, na ua lililofunguka asubuhi jioni limekwisha. Kesho linafunguka jingine. Kwenye lodji za huku juu, kwenye vilima vya kahawa chini ya msitu, wamezipanda kandokando ya njia zote. Kila baada ya miaka michache watunza bustani wanavigawa vichaka, na mizizi inayozidi inatupwa kwenye shimo la mboji. Nilikuwa nasubiri wageni wamalize chai nikaona nyekundu moja iliyokoza mpaka inakaribia weusi. Nikamwomba kaka wa bustani. Akanijazia nusu kiroba.

Ndiyo kwanza tulikuwa tumehamia kwenye nyumba yetu, upande wa barabara inayokwenda Qurus, tukitenganishwa na Madam kwa ua wa minyaa tu. Aliniona nikishusha kiroba. Akaja, akakifungua bila kuuliza.

"Hizi umezichagua kwa nini?"

"Nimezipenda, Madam."

"Umezipenda ukiwa wapi?"

"Lodji."

"Saa ngapi?"

"Saa tatu asubuhi."

"Nenda kazitazame saa nane mchana, halafu uje uniambie."

Nilidhani ananitania. Safari iliyofuata, wageni wamekwenda kupumzika, nikajikuta nimesimama juani mbele ya kichaka kile kama mtu aliyetumwa. Kingo za petali zilikuwa zimeungua, ua limelegea kama kitambaa kilicholowa. Kiroba changu nacho kilikuwa nyumbani, na nilikuwa nimekwisha kuchimba mashimo kando ya ukuta, mahali panapopigwa na jua kutoka saa nne mpaka machweo. Nilirudi nikamwambia zimeungua. Hakucheka wala hakusema "nilikuambia". Alisema "Basi," akaendelea kupepeta mahindi yake. Afadhali angecheka.

Namna yake ya kuchagua ilikuwa ya kuchosha watu. Alikuwa na daftari la kaunta, na kila aina ya lili iliyokuwa kwake ilikuwa na ukurasa wake na alama, kwa kalamu nyekundu. Asubuhi nane juu ya kumi. Mchana tatu. Baada ya mvua sita. Majani tano, yana kutu. Kutu ni ugonjwa ule wa vumbi la rangi ya chungwa linaloshika chini ya majani, ndiyo maana alikuwa akiyapindua kila alipoingia kwa mtu. Ile yenye petali nyingi kama waridi, ambayo kila mwanamke mtaani aliitaka, aliipa sifuri ya mwezi wa saba. Mwezi wa saba ukungu unashuka kutoka Ngorongoro, asubuhi huoni geti lako mwenyewe, na ua lile halifunguki. Linabaki limekunjana nusu kama ngumi. "Mnapenda picha," alikuwa akiwaambia. "Mnaona picha kwenye simu ya mtu aliyeko nchi nyingine, mnakuja kuniuliza mimi Karatu."

Na alikuwa na msemo wake, niliusikia mpaka nikauchukia: "Usichague ua, chagua kichaka." Maana yake ua utakaa nalo siku moja, majani utakaa nayo mwaka mzima. Ni kweli. Lakini jaribu kuambiwa hivyo kila Jumapili ukitoka kanisani, mbele ya watu, na mtu ambaye wewe umemwomba kitu kimoja tu, kipande cha ile njano yake.

Ile njano ndiyo ilikuwa na alama za juu kuliko zote kwenye daftari. Haikuwa kubwa. Ilifunguka hata kwenye ukungu, mchana ilisimama, haikushika kutu, ikimaliza kuchanua inapumzika kidogo inaanza tena. Nilimwomba mwaka wa kwanza. Akasema sijamwonyesha ukuta wangu una joto kiasi gani. Akaja saa saba mchana akaubandika kiganja, akatikisa kichwa. Mwaka wa pili akasema udongo wangu bado umeshiba saruji ya mafundi, niweke samadi kwanza. Niliweka. Mwaka wa tatu akasema maji. Maji ya bomba kwetu yanatoka siku mbili kwa wiki, kwake na kwangu sawasawa, bomba ni moja. Nikamwambia hivyo. Akasema, "Mimi naoshea vyombo, maji yale nayapeleka kwenye maua. Wewe yako yanakwenda wapi?"

Mke wangu ndiye aliyejibu kutoka ndani: "Yanakwenda shimoni, Madam, na yataendelea kwenda shimoni."

Sasa sikia. Katika mwaka huo huo wa tatu, mama mmoja wa Kimaasai aliyekuwa akituletea maziwa kutoka upande wa hifadhi alisimama kwenye geti la Madam, akazitazama zile njano, akasema kwa Kiswahili chake kifupi, "Hii nzuri." Basi. Hakuuliza kitu. Madam akachukua uma wa bustani, akang'oa kichaka kizima, akakifunga kwenye gunia lenye unyevu, akampa. Nilikuwa nimesimama pale pale na chupa yangu ya maziwa.

Wiki mbili baadaye yule mama akarudi. Madam akamuuliza ua linaendeleaje.

"Mbuzi wamekula," akasema yule mama. "Siku ile ile. Hata mizizi."

Madam alicheka mpaka akakaa chini kwenye ngazi na kujifuta machozi kwa upande wa kitenge. Sikuwahi kumwona akicheka vile, shuleni wala mtaani. Mimi sikucheka. Miaka mitatu nilikuwa nabandikiwa kiganja ukutani, mbuzi wamepewa bure.

Alikuwa na mambo ya namna hiyo, yasiyokaa pamoja. Alimwonya kila mtu asichague lili za aina inayolala, zile ambazo majani yake yanakauka kabisa zikisubiri baridi kali ya nchi za wenzetu, baridi ambayo huku haifiki. Huku zinalala, zinaamka hazijashiba usingizi, kila mwaka zinapungua. "Usipoteze shimo," alisema. Lakini yeye mwenyewe alikuwa nayo moja, ya rangi ya waridi, imebaki majani mawili kama masikio ya sungura. Haijawahi kutoa ua hata moja. Aliiwekea kivuli cha makuti, aliimwagia maji yake peke yake, na nilimsikia akiisemesha Kiiraqw kwa sauti ambayo sisi watu hakutusemesha nayo kamwe. Sisi alituongelesha Kiswahili cha ubaoni. Nilipomuuliza kwa nini haing'oi, alisema, "Huyu ni mwanafunzi mzito tu." Na darasani wanafunzi wazito ndio aliowachapa sana. Ninajua, nilikuwa mmoja wao.

Binti yetu Paskalina hakumwogopa kabisa. Tangu mdogo alivuka ua wa minyaa kwenda kujifunza kushona kwake, na alikuwa akirudi na vipande vya vitambaa na maneno ya Madam. Alipochumbiwa, mtu wa kwanza kuambiwa nje ya nyumba alikuwa Madam. Kijana ni mhasibu Mwanza. Wakwe wangekuja kumchukua bibi harusi nyumbani asubuhi, picha zipigwe pale mbele ya nyumba, ndipo msafara uende kanisani.

Nikaenda kwa Madam, miezi kumi na moja kabla. Nilikwenda nimejiandaa kunyimwa.

"Nataka siku ile mbele ya nyumba pawe na maua," nikamwambia. "Kutoka getini mpaka mlangoni. Wewe uchague. Chochote utakachochagua mimi napanda."

Hakuniuliza kuhusu ukuta. Jumamosi hiyo alikuja na kamba, vigingi na vichaka ishirini na nne. Njano upande wote wa jua. Upande wa kivuli cha mparachichi aliweka ile nyekundu iliyokoza ambayo nilikuwa nimeipenda tangu mwanzo, kwa sababu pale jua la mchana halifiki. Alipima nafasi kati ya kichaka na kichaka kwa urefu wa mkono wake mpaka kiwiko, kisha akaivuta kamba, akachuchumaa mwisho wa mstari na jicho moja limefumba. Kimoja kilikuwa kimetoka nje kidogo tu. Aliking'oa akakipanda upya. Siku nzima nilimchimbia mashimo na sikuchoka. Nilijiona kama mtu aliyefaulu mtihani.

Zikashika. Mke wangu akaanza kubeba maji ya vyombo, kimyakimya. Majuma matatu kabla ya harusi mashina yakaanza kutoka, moja, matano, halafu siku moja nikahesabu zaidi ya arobaini. Vitumba vikaanza kunenepa. Nilikwenda safari ya Serengeti siku tano nikiwa na furaha mpaka wageni wakaniuliza kama nimeshinda bahati nasibu.

Nilirudi zikiwa zimebaki siku nane. Nilifungua geti nikaona majani. Majani mazuri, mabichi, yaliyofagiliwa chini yake, na hakuna shina hata moja. Nilifikiri mbuzi. Nikatafuta alama za kwato, hakuna. Kisha nikaona kwenye shimo la mboji: mashina yote, yamekatwa kwa kisu kikali, yamelazwa kwa mpangilio, vichwa upande mmoja. Vitumba vilikuwa vimeshaanza kuonyesha njano kwenye ncha.

"Ni Madam," mke wangu akasema akiwa mlangoni. "Jana. Mimi nilikuwa sokoni. Nimerudi nimemkuta anamalizia."

"Ulimwambia nini?"

"Ningemwambia nini? Vilikuwa vimeshakatwa."

Nilipita katikati ya minyaa, sikuzunguka getini. Madam alikuwa amekaa kibarazani na kitambaa mapajani, anashona.

"Madam, umenifanyia nini?"

"Shikamoo imekwenda wapi?"

"Shikamoo. Umenifanyia nini?"

"Marahaba. Mmea wa mwaka wa kwanza ukiuachia maua yote unajimaliza. Mizizi yake bado michanga. Ungeona maua wiki mbili, baada ya hapo ungeona majani yanapungua mpaka—"

"Harusi ni Jumamosi ijayo!"

"Harusi ni siku moja. Vichaka nilikupa vya miaka."

"Tulipanda kwa ajili ya harusi! Ulikuja na kamba! Ulijua!"

Nilikuwa napiga kelele. Mtoto wa jirani alitoka nje kuangalia. Madam alichoma sindano kwenye kitambaa ili isipotee, akainuka polepole, akasema, "Utakunywa chai?"

Niliondoka bila kuaga. Sijawahi kumfanyia hivyo mwalimu wangu yeyote.

Jumamosi ile tulifunga maua ya plastiki getini, ya kukodi. Mpiga picha aliwapanga maharusi mbele ya lili, akatazama kwenye kamera yake, akasema, "Hapa majani matupu, sogeeni kule ukutani." Paskalina hakulalamika. Madam alikuja amevaa gauni lake la bluu, amebeba kitambaa cha meza alichotarizi kwa mkono pembe zote nne, kazi ya miezi, na binti yangu alimkumbatia muda mrefu mpaka shela ikakaa vibaya. Baadaye ukumbini alicheza. Madam, mwanamke wa alama nyekundu, alicheza na wanawake wenzake akipunga leso. Nilikaa nikimtazama na soda yangu ikapoteza ubaridi. Nilitaka aje aseme neno moja tu. Hakuja.

Karibu mwaka mzima tulibaki na shikamoo na marahaba, kwa sababu shikamoo huwezi kumnyima mtu mzima. Akipita kupindua majani niliingia ndani. Halafu msimu ukarudi, na zile lili zikachanua kwa namna ambayo sijui niielezeje. Watu waliokuwa wakienda shambani walisimama. Kuna basi dogo la wageni liliegesha, wakashuka kupiga picha nyumba yangu, mimi dereva wa watalii. Jirani mmoja akaniambia, "Sasa unaona Madam alivyokuwa sahihi? Nenda kamshukuru." Nusura nimjibu vibaya. Nilipiga picha nikamtumia Paskalina Mwanza. Akajibu, "Nzuri mno baba. Zimechelewa tu kidogo," na kikaragosi cha kucheka. Nilikaa kwenye ngazi na simu mkononi. Nilikuwa na hasira, na mbele yangu kulikuwa na maua ishirini na nane yaliyofunguka asubuhi ile, na sikuona pa kuipeleka.

Mwaka juzi Madam alianguka bafuni, akavunjika nyonga. Watoto wake wako mbali, kwa hiyo mpwa wake alimchukua kwenda kuishi naye Buger. Nyumba ikapangishwa. Mpangaji alitaka mahali pa kuegesha pikipiki zake, akamwaga kokoto mpaka ukutani. Mke wangu ndiye aliyevuka ua kabla kokoto hazijafika, akarudi na vichaka vinne vya njano, kucha zimejaa udongo. "Usiniulize," akaniambia.

Mwezi uliopita nilipata siku ya mapumziko. Nikagawa viwili kati ya vile vinne, nikaweka vipande kirobani, nikaendesha mpaka Buger. Barabara ilikuwa imechimbwa na mvua, nilifika mchana. Mpwa wake alinikaribisha, akaniambia, "Yupo macho, lakini hasemi sana siku hizi." Madam alikuwa kwenye kiti kando ya dirisha la nondo, mguu juu ya kigoda, amepungua. Nikamwamkia. Akaitikia. Nikampa habari za Paskalina, kwamba amejifungua mtoto wa kike. Akafurahi. Kisha nikaona nisipouliza leo sitauliza tena.

"Madam, nina swali."

"Uliza."

"Yale mashina. Siku zile za harusi."

Alitazama nje.

"Ningekata nusu," akasema. "Nusu ingetosha. Kichaka kingepona na mtoto angepata maua yake. Nililijua hilo nikiwa nimeshika kisu."

"Sasa kwa nini…"

"Nilikuwa nimeshaukata upande mmoja wote. Nikaona upande una maua, upande hauna. Nikaona vibaya. Nikamaliza mstari." Akaipangusa sketi yake pale ambapo hapakuwa na kitu. "Nilikosea."

"Mbona hukuniambia siku ile?"

"Ulikuwa unapiga kelele."

Miaka yote nilidhani nikilisikia neno lile nitapumua. Sikupumua. Nilimwona amekaa pale mdogo, amenipa alichokuwa nacho, na nikatamani anirudishie ule ubishi wake. Nikasema nimeleta njano.

"Vizuri," akasema.

"Nizipande wapi?"

"Popote."

"Popote ni wapi, Madam?"

"Popote utakapoona panafaa. Wewe chagua."

Hapo hasira yangu yote ikarudi. "Miaka mitatu ulinikatalia shimo moja, leo unaniambia popote?"

Nikamwomba mpwa wake jembe, nikatoka, nikaanza kuchimba chini ya dirisha kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Nilikuwa nimefikia kina cha kiganja niliposikia fimbo ikigonga nondo.

"Hapo maji ya bati yanadondokea. Yatafukua mizizi."

Nikasogea hatua tatu, nikachimba. Fimbo ikagonga.

"Hapo kuku wanaoga vumbi. Huoni manyoya?"

Nikasogea mpaka karibu na migomba, kwenye udongo mzuri mweusi, nikachimba shimo pana, nikalitia samadi, nikashika kichaka cha kwanza. Fimbo ikagonga tena, mara mbili.

"Nini tena, Madam?"

"Hapo mimi sioni."

Nilisimama na kichaka mkononi. Jasho lilikuwa linaniingia machoni na barabara ya kurudi ilikuwa mbaya. Nikarudi nusu ya njia, nikageuka kumtazama dirishani. Akanionyesha kwa fimbo, kushoto kidogo. Kidogo tena. Basi hapo. Nikaweka kichaka chini, nikatema mate viganjani, nikaanza shimo la nne.